Sweta Kiunoni

Bweni la Chui,
Kibwezi.
23 Januari 1994

Kwa Anti Nzilani,

Pokea salamu zangu huko Matinyani, wewe na Anko Muli na punda wenu wote, hata yule anayeuma. Mimi ni mzima, ila tumbo limechoka na isyo ya shule: mahindi ni mengi na maharagwe ni ya kutafuta na tochi. Mama nilimwacha Kambu akiuza maembe. Basi likisimama anakimbia nalo dirisha kwa dirisha, beseni kichwani, na hakuna mama mwingine wa kumshinda. Baba bado yuko kazini Mombasa. Aliandika kwamba atakuja Pasaka, na Pasaka za Baba tunazijua.

Sasa Anti, sababu ya kuandika. Tuko na mwalimu wa michezo anaitwa Madam Ndila. Si mtu mbaya, anaimba kwaya vizuri sana, lakini ana sheria yake. Msichana akiwa mwezini haruhusiwi kukimbia wala kushika mpira. Anafunga sweta kiunoni, anaenda kukaa kwa benchi kando ya stoo ya majembe mpaka michezo iishe. Madam anasema ukikimbia siku hizo kizazi kinateremka na hutazaa kamwe. Na sweta ati ni ya kuficha aibu. Kuficha gani, Anti? Jua la Kibwezi unalijua, hakuna mwenye akili timamu anabeba sweta saa tisa mchana. Ukiwa nayo kiunoni hata mlinzi wa geti anajua. Wavulana wa shule jirani wakija mechi wanaangalia benchi kwanza, mpira baadaye.

Mimi nakimbia mita elfu tatu. Mwaka huu nataka kufika mkoa, na sitaki kwa mdomo tu, nataka mpaka usingizi unakataa. Michezo ya wilaya ni mwezi ujao, hiyo haina shida. Ya mkoa ni mwisho wa Machi, na nikihesabu siku zangu naona itanikuta kwa benchi. Nilimuuliza Mama, akaniambia nifunge mdomo nifuate walimu. Ndio nakuuliza wewe. Watu husema ukiwa msichana ulikuwa unawashinda hata wavulana. Je, siku zako zikifika ulikuwa unakimbia ama unakaa?

Barua hii inatoka na Musembi anayetuletea mkate. Lakini yako itafunguliwa na Madam Ndila kabla sijaiona, kwa sababu yeye ndiye husoma barua zote zinazoingia. Tafadhali andika kwa adabu.

Mimi mtoto wa kaka yako,
Ndinda


Matinyani, Kitui.
6 Februari 1994

Mpendwa Ndinda, pamoja na Madam Ndila unayefungua bahasha,

Hamjambo nyote wawili. Huku tunavuna kunde na ndengu, na mgongo wangu ukiinama unaamua wenyewe saa ya kunyooka. Yule punda amemuuma mhubiri. Kanisa liliomba, lakini tulioombewa ni sisi wenye punda, mhubiri akaachwa na jeraha lake.

Umeniomba adabu na nitajaribu. Madam, kama uko chumba cha walimu na wanaume wamekuzunguka, geukia ukuta kidogo.

Sikutaka kukujibu kwa akili yangu, maana akili yangu ilifunzwa na Susu yako, yaani mama yangu, na Susu alikuwa anasema msichana akiwa mwezini akipita shamba la maboga, maboga yanaoza. Kwa hivyo siku ya soko nilienda Kitui mjini kwa Sista Esha Abdallah, nesi wa zahanati iliyo karibu na msikiti. Nilimsogelea sikio nikamnong'oneza. Yeye akanijibu kwa sauti ya kuita ng'ombe! Foleni nzima ikasikia, na mzee mmoja aliyekuja kwa shida ya jino akatoka nje kungojea huko.

Sista anasema kizazi hakiteremki kwa kukimbia, hiyo ni hadithi. Hedhi si ugonjwa. Msichana akijisikia vizuri na akimbie, tena wengine maumivu hupungua mwili ukishapata joto. Ila usianze kwa kishindo, anza polepole. Kunywa maji, na usikimbie na njaa. Vaa pedi ama pamba iliyokaa sawasawa, badilisha kabla ya kuingia uwanjani, na kaptura iwe nyeusi ili roho itulie. Siku mwili ukikataa, punguza, tembea tu, hakuna anayekudai. Na ukiona kizunguzungu, ama damu inakuja nyingi hata pedi haimalizi saa, ama maumivu yanakukunja, hapo unaacha na unaenda kuonwa, hata kama ni fainali na umeongoza. Akasema tena ule maini na mboga za kienyeji, kwa ajili ya damu. Nilimwambia maini ya shule yana wenyewe. Madam, sikutaja mtu.

Umeniuliza pia kama mimi nilikuwa nakimbia. Punda wetu mwingine alizaa juzi. Ni dume, na miguu yake ni mirefu ajabu.

Wako,
Anti Nzilani


Bweni la Chui,
Kibwezi.
20 Februari 1994

Kwa Anti mpendwa,

Salamu kwako na kwa huyo punda wa miguu mirefu, ambaye naona amezaliwa wakati mzuri sana, swali likiwa hewani. Huku tuko wazima. Mutindi, rafiki yangu tunayelala kitanda kimoja juu na chini, anakusalimu. Barua yako imesomwa bweni zima mpaka karatasi imekuwa laini.

Habari njema kwanza: wilaya nimeshinda! Namba wani, Anti. Huo mkoa sasa ni wangu nikiruhusiwa.

Madam Ndila alinipa barua yako akageuka haraka nisimwone usoni. Kesho yake tukaona vipande vya maini kwa isyo, vidogo kama kucha, lakini ni maini. Sheria yake haikubadilika hata hivyo. Ndio nikafikiria jambo, na naomba usinikasirikie kabla hujafika mwisho.

Nilisema, kama sweta ni ya kuficha, si tufiche basi? Ijumaa wakati wa michezo Fomu Tatu wote tulitokea na sweta kiunoni. Fomu Nne wakaona, wakakimbia bwenini kuleta zao. Fomu Wani walifunga zao bila kujua ni kwa nini. Madam akapuliza filimbi, uwanjani hakuna mtu, shule nzima inagombania benchi. Hata mama mpishi alikuja na sweta ya mtu. Tulikaa mpaka tukakaliana. Halafu benchi likavunjika.

Hedimistresi alitoka ofisini akauliza nani ameanza. Wote tukaangalia mawingu, na siku hiyo mawingu hayakuweko. Mtoto mmoja wa Fomu Wani akalia akanitaja. Nimekata nyasi mpaka mikono inanuka kama ya mbuzi, na Mama akaitwa kutoka Kambu.

Hapo ndipo mambo yaliharibika. Mama aliwaambia nisikimbie mkoa kama nitakuwa mwezini, na Hedimistresi akasema bila ruhusa ya mzazi jina langu halitaenda. Mama alipoulizwa sababu, alisema neno juu yako mbele ya watu wote. Neno hilo sitaliandika.

Anti, nimefanya kazi mwaka mzima. Nisaidie.

Ndinda


Matinyani, Kitui.
27 Februari 1994

Ndinda,

Watu wazima, mifugo mizima, mgongo unaendelea na ukaidi wake. Hongera kwa wilaya. Nilipofika penye benchi nilicheka mpaka Muli akaniletea maji, akidhani nimesakamwa na ndengu.

Sasa andika alichosema mama yako. Neno kwa neno, usipambe, usipunguze. Mimi ni dada ya baba yako, si yai.

Madam Ndila, pole na benchi.

Nzilani


Bweni la Chui,
Kibwezi.
6 Machi 1994

Kwa Anti Nzilani,

Salamu. Natumaini mvua imeonekana huko, huku ni mawingu ya kutudanganya tu. Mutindi anaumwa na jino. Mazoezi tunaanza mapema, na naenda hata kama sijui kama nitasafiri.

Nimeandika barua hii nikaichana, nikaandika nyingine nikaichana. Umesema neno kwa neno. Mama alisema: "Nzilani alikimbia akiwa mwezini ndio maana nyumba yake haina mtoto. Sitaki msichana wangu awe kama yeye."

Nisamehe Anti. Mimi natamani kuwa kama wewe.

Ndinda


Matinyani, Kitui.
20 Machi 1994

Ndinda mwanangu,

Pokea salamu zetu. Mvua imeingia na tumepanda, kwa hivyo ukiona matope kwa karatasi ujue ni baraka. Najua nimechelewa. Barua yako niliisomea mlangoni mwa posta nikiwa nimesimama, nikarudi nyumbani nikawaambia watu nina mafua. Yakanishika siku nyingi hayo mafua. Niliumia, Ndinda, sitakudanganya. Watu wamesema hayo mgongoni mwangu miaka yote na nimezoea. Lakini kusemewa ofisini, na wewe umesimama hapo unasikia, hilo lilinikata.

Uliniuliza swali Januari nami nikakupa habari za punda. Leo nakujibu, na Madam Ndila asome polepole.

Sikuwahi kukimbia nikiwa mwezini. Hata mara moja! Susu yako alinikataza, nami nilikuwa mtoto mtiifu, kitu ambacho naona wewe hukurithi. Kila mwezi nilikaa. Nilikaa jikoni, nilikaa kwa jiwe, nilikalia kila kitu kinachokalika. Mwaka ule wa michezo mikubwa ya Kitui, Uhuru ikiwa karibu, nilikaa kando ya uwanja nimejifunika shuka, nikamwangalia msichana niliyekuwa nikimwacha nyuma kila wiki akipewa kikombe changu. Nilikitunza kizazi changu kuliko mtu yeyote huku Matinyani. Kisha nikaolewa na Muli, na mtoto hakuja. Daktari alitupima wote wawili akasema haoni sababu. Basi kama lazima tulaumu kitu, tulaumu kukaa! Lakini hata kukaa, Sista Esha amekataa kulaumiwe. Anasema hakuna aliyekosa, wakati mwingine inakuwa tu hivyo.

Utauliza kwa nini niliwaacha watu waseme nilikimbia. Mama yako alipoolewa kwetu aliikuta hadithi hiyo tayari, na sikuikanusha kwa sababu ilinipendeza kidogo. Heri wanione mkaidi, kuliko wajue nilikaa kitako nikakosa vyote viwili, mtoto na kikombe.

Jumatano nilipanda gari la Mutomo nikashuka Kibwezi nikiwa mwekundu wa vumbi, nikaunganisha mpaka Kambu. Nilimkuta mama yako anakimbizana na basi la Mombasa, beseni la machungwa kichwani, mkono mmoja dirishani. Nikamngoja. Basi lilipoondoka nikamwambia, "Muthoki, kwa mwezi mzima, ni siku gani wewe hukimbizi mabasi?" Wale mama wengine wa barabarani wakaanza kucheka, mmoja akasema, "Akikaa siku hizo watoto watakula nini?" Ndipo nikamwambia yote niliyokuandikia hapa juu.

Yaliyofuata ni yetu sisi wawili. Nitasema tu kwamba machungwa yalirushwa, na moja lilinipata begani. Kama atakubali ama hatakubali, sijui. Nilimwacha akiokota.

Wewe fanya mazoezi.

Anti yako,
Nzilani


Kambu.
3 Aprili 1994, Pasaka

Kwa Anti Nzilani na Anko Muli,

Heri ya Pasaka! Shule imefungwa na nakuandikia nikiwa nyumbani, nimekaa kwa gunia la vitunguu. Baba hakuja, ametuma salamu na kitambaa cha meza. Hatuna meza kubwa hivyo.

Anti, nianzie wapi? Barua yako Madam Ndila aliileta mwenyewe mpaka bwenini, macho yamevimba. Nikamuuliza kama ni mgonjwa, akasema ni vumbi. Halafu akaniambia alienda kwa nesi wa Kibwezi kuuliza kwa niaba yake mwenyewe, nesi akamwambia mambo yaleyale ya Sista Esha. "Sheria imeisha," akasema, "lakini ukiona kizunguzungu na usiniambie, nitakuchapa." Nikamwambia bado sina ruhusa ya Mama.

Ijumaa Mama akatokea shuleni bila kuitwa. Hakunisalimu, akapita moja kwa moja ofisini. Nilisikia kupitia dirishani: "Wacha akimbie. Na mimi nitakuwa hapo. Akianguka nitambeba mwenyewe, sitaki machela."

Basi tukaenda Machakos. Siku zangu zikafika asubuhi ileile ya mbio, kama zilialikwa. Nilikuwa na maumivu kidogo ya kiuno. Nikala uji na mkate, nikanywa maji, nikazunguka polepole mpaka kiuno kikalegea. Nikaingia chooni kubadilisha, nikamkuta msichana mrefu wa shule moja ya Mwingi amesimama ukutani na macho ya machozi. Akaniuliza kwa sauti ndogo kama nina pamba, yake imelowa na mwalimu wake ni mwanaume. Nikampa pedi niliyokuwa nimebakisha. Akanishukuru mpaka nikaona aibu.

Anti, huyo msichana alinishinda! Nilimfuata mizunguko yote nikiangalia visigino vyake, na mzunguko wa mwisho alifungua miguu kama mtu ameachiliwa jela. Nikawa wa pili. Nilifurahi na nikakasirika kwa wakati mmoja. Lakini wawili wa kwanza wanaenda Nairobi, kwa hivyo naenda! Mama alikuwa ameingia uwanjani, wamemkimbiza mara mbili na hakusikia. Amepiga kelele mpaka leo anauza vitunguu kwa ishara.

Kwa basi tukirudi, akaniuliza kwa hiyo sauti iliyobaki, "Huyo aliyekushinda ni kwa sababu yeye hakuwa mwezini, si ndio?" Nikamwambia, "Mama, pedi aliyokimbia nayo ni yangu."

Tulipita Salama, tukapita Emali, yeye anaangalia tu nje. Tukikaribia Makindu akasema, "Nilimkosea Nzilani." Nilipomwangalia akaniambia nilale.

Amenikataza kukuandikia hilo. Kwa hivyo hujalisoma.

Ndinda wako


Matinyani, Kitui.
17 Aprili 1994

Mpendwa Ndinda,

Salamu nyingi, na za Muli, ambaye amemwambia kila mtu sokoni kwamba wewe ni wa pili mkoa mzima, na akifika watu wasiomjua anasema wa kwanza. Mahindi yamefika magotini. Mhubiri amepona na anapitia njia nyingine.

Hilo ulilosema sikulisoma, kweli sikulisoma. Nilishangaa tu Jumanne kumwona mama yako getini na gunia la vitunguu mgongoni, anasema alikuwa anapita. Kutoka Kambu! Nani anapita Matinyani akitoka Kambu? Nikamkaribisha. Tulikula, tukaongea juu ya bei ya mbegu, juu ya baba yako na vitambaa vyake. Hakuomba msamaha, na mimi sikumsukuma. Usiku nililala nikiwaza kama atarudi kwake hivyohivyo.

Alhamisi ni siku ya chama chetu cha akina mama, kanisani, nikaenda naye. Wasichana wetu walikuwa nje wanacheza mpira wa pete wakingoja kwaya. Bibi Ndeti, yule mzee anayejua mambo ya kila nyumba, akachungulia dirishani akaanza: mwacheni yule aliyejishika tumbo apumzike, kama yuko mwezini atakauka, ama hamjui kilichompata mtu tunayemjua? Akanitupia jicho. Na mimi, Ndinda, kwa ile tabia yangu ya miaka yote, nikainama nikajifanya natafuta sindano yangu ya kushonea.

Muthoki akasimama. Sauti yake bado haijarudi sawasawa, ikabidi watu wanyamaze ili wamsikie. Akasema, "Hiyo hadithi mimi nimeieneza kuliko mtu yeyote hapa, na ni uongo. Wifi yangu hakukimbia. Aliambiwa akae akakaa. Msichana wangu alikimbia akiwa mwezini, na aliyemshinda pia alikuwa mwezini. Huyo mtoto aliye huko nje akiumwa sana apelekwe kwa nesi, na kama haumwi aachwe acheze. Mwenye kubisha atoke nje tukimbie mimi na yeye mpaka barabara ya lami."

Hakuna aliyetoka. Bibi Ndeti akaomba chai.

Nilitaka kucheka na nikakuta nalia, Ndinda, mbele ya chama kizima. Miaka hii yote hakuna mtu aliyewahi kusimama akasema hivyo kwa ajili yangu, hata mimi mwenyewe. Mama yako akanipa leso yake nijipanguse. Ilikuwa inanuka vitunguu vibaya sana, nikalia mara mbili.

Nenda Nairobi, unywe maji, na ubebe pedi za kutosha wewe na mwenzako.

Anti yako akupendaye,
Nzilani